Kumkingia Kifua Rafiki Mwenye Kosa: Maswali ya Wasomaji

Mwezi huu nimeziweka kando barua za ndoa na za mirathi, ambazo zitapata zamu yake katika toleo lijalo, nikazichukua barua nne zilizofika kwa nyakati mbalimbali na kutoka miji mbalimbali, lakini zote zinauliza jambo moja: kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayelijua kosa, husimama upande wa mkosaji kwa sababu tu mkosaji ni wake. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa aliyeiandika hakumlalamikia mtu. Amejilalamikia mwenyewe, jambo ambalo katika safu hii ni nadra.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake ishirini na sita hapa Muheza. Mweka hazina wetu ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, na nilipojifungua mtoto wangu wa pili kwa upasuaji, ndiye aliyelala nami hospitali siku nne. Marejesho ya wanachama wanaoishi mbali huingia kwenye simu yake. Mwezi wa Machi ziliingia shilingi 380,000 ambazo hazikufika kwenye sanduku. Nilijua, kwa sababu aliniambia mwenyewe kwamba amemlipia mwanawe ada na kwamba atazirudisha kabla ya mwezi kwisha. Kikao kilipofika, mwanachama mmoja aliyejiunga mwaka jana, mgeni wa mji huu aliyemfuata mumewe baada ya kuhamishwa kikazi, alifungua daftari akauliza kwa upole kwa nini marejesho ya watu watatu hayaonekani. Kabla rafiki yangu hajafungua mdomo, nilisimama mimi. Nilisema: "Wewe umekuja juzi, unajua tulikotoka? Humu ndani hatujawahi kuitana wezi." Wenzangu wakapiga makofi. Yule dada akaketi, akafunga daftari, na kikao kilichofuata hakuja. Ameomba arudishiwe hisa zake. Fedha zimekwisha kurejeshwa na rafiki yangu amenishukuru, lakini mimi sina raha. Nilikuwa naujua ukweli, na hakuna aliyeniomba niseme. Kwa nini nilifanya vile?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeiandika barua yako kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba sehemu ya jibu tayari imo ndani yake. Hebu yasome tena maneno uliyoyatamka siku ile. Yule dada aliuliza kuhusu mistari mitatu ya daftari, nawe ukamjibu kuhusu siku aliyofika mjini. Yeye hakutaja wizi. Neno hilo ulilileta wewe, ukalitia kinywani mwake, kisha ukamlaumu kwa kulitamka. Swali lililokuwa mezani lilikuwa "fedha ziko wapi?", na kufumba na kufumbua ukaligeuza likawa "wewe ni wa nani?" Swali la kwanza ulikuwa na jibu lake ambalo lingemuumiza mwenzako, na la pili ulikuwa na jibu lake ambalo lingemwokoa. Mtu hahitaji kuwa mwovu ili akimbilie la pili. Yatosha awe anapenda, na awe amebanwa.

Mwanasaikolojia Fritz Heider, aliyezaliwa Vienna akahamia Marekani, aliandika mwaka 1946 kwamba akili ya binadamu haitulii inapolazimika kumpenda mtu na kulichukia jambo alilolitenda mtu huyohuyo. Ni kama kukaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi: utahangaika mpaka upate cha kutia chini ya mguu huo. Kwa hali yako, mambo ya kutia chini ya mguu yalikuwa matatu. Ungeweza kumpunguza rafiki yako, ukubali moyoni kwamba naye, pamoja na wema wake wote, amekosa. Ungeweza kulipunguza kosa, useme si wizi bali ni kuazima kwa siku chache. Na ungeweza kumpunguza aliyeuliza. Ninavyoona, la pili ulikwisha kulifanya nyumbani kabla ya kikao, siku ile alipokueleza habari za ada nawe ukanyamaza. Kikaoni ikabaki kulifanya la tatu. Kumpunguza mtu usiyemjua ndiyo njia rahisi kuliko zote tatu, kwa sababu hakupotezei chochote ulichokuwa nacho.

Usidhani kwamba ungekuwa salama kama urafiki wenu ungekuwa mwepesi zaidi. Henri Tajfel, aliyekuwa akifundisha Bristol huko Uingereza, alichapisha mwaka 1970 majaribio aliyoyafanya na wavulana wa shule wa miaka kumi na minne na kumi na mitano. Baadhi yao aliwaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha akawaambia kila mmoja kwa siri kwamba yumo katika kundi la waliompenda mchoraji huyu au yule, ingawa kwa hakika aliwagawa kwa bahati nasibu. Wavulana hao hawakujua nani mwingine yumo katika kundi lao, hawakuzungumza, na hawakuwa na faida yoyote ya kupata wao wenyewe. Hata hivyo, walipopewa kazi ya kuwagawia wengine fedha kidogo, walimpendelea wa kundi lao, na mara nyingine walikubali wa kwao apate pungufu ili mradi tofauti kati yake na wa kundi la pili iwe kubwa. Basi ikiwa jina la mchoraji ambaye pengine hawakupata kumsikia kabla ya siku hiyo lilitosha kuwafanya wawe "sisi" na "wao", siku nne za hospitali zitafanya nini?

Nami siku nne hizo sizidharau hata kidogo. Wako watu watakaokuambia kwamba haki haina rafiki, na watakuambia kwa sauti ya mtu asiyepata kulazwa akakosa wa kumletea uji. Fadhila ni deni, na mtu asiyehisi uzito wa deni hilo nisingependa awe jirani yangu. Lakini deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa. Wewe ulimlipa rafiki yako kwa heshima ya mtu mwingine. Hapa ndipo penye kiini cha shauri lako, na ndilo jambo ambalo watu hulisahau wanapousifu uaminifu wa marafiki: kumkingia kifua mwenye kosa si bure, kuna anayelipa, na mara nyingi anayelipa ni yule asiye na rafiki ndani ya chumba. Kama aliyeuliza angekuwa dada yako wa tumbo moja, au mke wa mwenyekiti, sentensi ya "umekuja juzi" isingepatikana kinywani mwako. Ulimwona yuko peke yake, na kwa kuwa alikuwa peke yake, ikawa rahisi.

Nakuja kwenye yale makofi. Huenda unadhani wanawake ishirini na watatu walikuunga mkono. Mimi nina shaka. Solomon Asch, katika majaribio yake ya mwaka 1951 huko Marekani, aliwaonyesha watu mstari mmoja na kuwataka wauchague ulio sawa nao kati ya mistari mitatu, kazi ambayo mtoto wa darasa la pili angeifanya bila shida. Watu wote chumbani walikuwa wamepangwa watoe jibu moja lisilo sahihi, isipokuwa mmoja tu aliyekuwa hajui. Katika zamu ambazo wenzake walikosea kwa makusudi, kama theluthi moja ya majibu ya huyo asiyejua yaliwafuata wao badala ya macho yake. Lakini mtu mmoja tu alipopangwa aseme kweli, waliofuata wengi walishuka wakabaki kama robo ya walivyokuwa. Mmoja tu! Katika chumba chenu, wako waliojua kusoma daftari kama yule dada, na wako waliokwisha kujiuliza lile swali kimoyomoyo. Wewe, uliyekuwa mzawa wa mji, rafiki wa mweka hazina na mwanachama wa siku nyingi, ndiwe uliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote ya kuwa huyo mmoja. Hata kusema tu "dada ameuliza jambo la msingi, tumpe mweka hazina nafasi atufafanulie" kungetosha, na wala kusingemtia rafiki yako kitanzi.

Nimepata kukaa katika usuluhishi wa vikundi vya namna yenu mara kadhaa, na jambo moja linanistaajabisha kila mara. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE, na ulipotufikia sisi ulikuja na sanduku la kufuli tatu, funguo zake wakazishika watu watatu tofauti, fedha zikahesabiwa mbele ya macho ya wote. Watu huona kufuli tatu wakadhani zimewekwa kwa ajili ya wezi wa nje. Mwizi wa nje hubeba sanduku zima. Kufuli tatu ni kwa ajili yetu wenyewe, yaani kwa ajili ya siku ambayo mwenye ufunguo mmoja ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada na mwenye ufunguo wa pili ni rafiki yake. Aliyeutunga utaratibu huo alijua kwamba watu watalindana, na hakuwaomba wawe malaika; aliwapunguzia tu mtihani. Ninyi mmeacha fedha ziingie kwenye simu ya mtu mmoja, mkalipita sanduku kwa ubavuni, na mtihani ambao kufuli zilikusudiwa kuuzuia ukakuangukia wewe ukiwa umesimama mbele ya watu.

Sasa la kufanya. Kwanza nenda kwa rafiki yako, mkiwa wawili, kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote. Usimwendee kwa vitisho. Mwambie kwamba utamwomba radhi yule dada katika kikao kijacho, na kwamba huwezi kuomba radhi bila kueleza kosa, kwa hiyo yeye ana siku zilizobaki kabla ya kikao za kujitangulia. Mtu akilisema kosa lake mwenyewe, na fedha zikiwa zimekwisha kurudi, kikundi humtoza faini inayotajwa katika katiba yake, huenda akavuliwa uweka hazina, na maisha yakaendelea. Likisemwa na mwingine, hapo ndipo neno lile ulilolitamka wewe litakapomganda. Pili, yule dada ulimvunjia heshima mbele ya watu. Usimwombe radhi jikoni kwake mkiwa wawili, ukadhani mmelingana. Nenda kwake umwombe arudi kikaoni, kisha yaliyosemwa hadharani yafutwe hadharani. Anaweza kukataa kurudi, na hiyo ni haki yake. Omba radhi hata kama kiti chake kitakuwa kitupu.

Na la tatu, ambalo si la moyo bali la mpangilio: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama chenu katika daraja la nne, na usajili wake umo mikononi mwa halmashauri. Kama mmesajiliwa, afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu anaweza kuwaelekeza namna ya kupokea marejesho ya mbali. Zipo huduma za vikundi katika mitandao ya simu ambazo fedha hazitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe. Hizo ni kufuli zilezile, zimebadilika umbo tu.

Umesema huna raha ilhali fedha zimerudi. Ni kwa sababu zilizorudi ni zile 380,000 tu.

Swali: Assalaam alaykum. Nimekuwa nikibishana na kaka yangu hapa Wete. Yeye anamtetea rafiki yake aliyejiongezea hatua kadhaa katika kiwanja cha mjane, na nikimkosoa hunijibu kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamuru tumsaidie ndugu yetu hata akiwa dhalimu. Je, anasema kweli?

Jibu: Waalaykum salaam. Anasema nusu, na nusu ya hadithi ina hatari kuliko kutoijua kabisa. Maneno hayo yamo katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik na kuandikwa na Imam Bukhari: "Msaidie ndugu yako, akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa." Lakini masahaba nao walishtuka kama ulivyoshtuka wewe. Walisema kwamba kumsaidia aliyedhulumiwa wanakuelewa; huyo dhalimu watamsaidiaje? Wakajibiwa kwamba wamzuie asidhulumu, kwani huko ndiko kumsaidia. Kaka yako amesimama kwenye sentensi ya kwanza, akafunga kitabu kabla ya swali la masahaba. Mwombe akisome mpaka mwisho wa hadithi, kisha mwende wote wawili mkauangalie mpaka wa kiwanja cha yule mjane. Na asipotosheka, msomeeni aya ya 135 ya Sura An-Nisaa, inayoamrisha kusimamia uadilifu hata ushahidi ukiwa ni juu ya nafsi zenu, wazazi na jamaa; sasa rafiki, ambaye hata katika mirathi hayumo, atapewa daraja gani juu ya hao?

Kwa wasomaji wasio Waislamu nitaongeza tu kwamba yule nabii Nathani aliyemwendea Mfalme Daudi na kisa cha mwana-kondoo wa maskini alikuwa mtu wa jumba la mfalme, si adui aliyetoka mbali. Angalieni pia namna alivyoingia. Alianza na kisa cha mtu mwingine, akamwacha Daudi atoe hukumu kwa kinywa chake, kisha ndipo akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Ni ufundi unaowafaa wale ambao marafiki zao hawapendi kuambiwa.

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mama mwenye duka hapa Mombasa na huendesha gari langu mwenyewe kila siku. Wiki tatu zilizopita, karibu na soko la Kongowea, bodaboda alikuja upande usio wake akanivunja kioo cha pembeni. Kabla sijateremka, walikuwa wamekwisha kunizunguka zaidi ya kumi. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona ajali, lakini wote walikuwa na hakika kwamba mwenye makosa ni mimi, na nililipa shilingi 3,000 ili niondoke. Kwa nini vijana hawa hawawezi kumwambia mwenzao kwamba amekosa?

Jibu: Sijambo, mama, na pole sana kwa hofu uliyoipata. Kwanza niseme wazi kwamba kumzunguka mtu garini na kumtoza fedha chini ya vitisho ni kosa, liwe limetendwa na mmoja au na kumi. Machi 2022, jijini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimshambulia dereva mwanamke baada ya ajali, nchi nzima ikafadhaika, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako. Sitaki yafuatayo yasomwe kama utetezi wa mambo hayo.

Hata hivyo umeuliza kwa nini, na sababu yao ni tofauti na ile ya mwanamke wa Muheza. Yeye alimtetea mtu mmoja anayempenda. Wale vijana kumi huenda wengine hata hawampendi yule aliyekuvunjia kioo. Wanachokitetea ni steji, yaani kituo wanapoegesha na umoja wao wa hapo. Kijana akijiunga na steji hutoa kiingilio, kisha huchanga kila siku au kila wiki. Akivunjika mguu, mchango huo ndio hospitali yake, na akifa, ndio unaomsafirisha mpaka kwao na kupika chakula cha matanga. Wengi wao bima waliyo nayo ni ile ya kuonyesha polisi. Katika hali hiyo, kila mmoja anayefika mahali pa ajali hajiulizi nani aliyekosa. Anajiuliza watakuja wangapi siku yake itakapofika. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini wao wameona ni heri wamnyang'anye kinyozi wembe.

Kuna swali la kubuni ambalo watafiti wawili wa Marekani, Samuel Stouffer na Jackson Toby, waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1951. Umepanda gari la rafiki yako wa karibu, anakwenda kasi ya maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56, mahali panaporuhusu maili 20, naye anamgonga mtu anayetembea kwa miguu. Hakuna shahidi mwingine. Wakili wake anakuambia kwamba ukiapa kuwa alikuwa akienda maili 20, utamwokoa. Je, rafiki ana haki gani ya kukutarajia? Baadaye mtafiti Mholanzi Fons Trompenaars alilipeleka swali hilo katika nchi nyingi. Uswisi na Marekani, zaidi ya watu tisa katika kila kumi walisema rafiki hana haki ya kutarajia uongo, au ana haki ndogo na wao wasingedanganya. Venezuela waliosema hivyo walikuwa karibu theluthi moja tu. Lililonivutia mimi si hesabu hiyo, bali ni jinsi walivyolijadili jeraha la yule aliyegongwa. Upande mmoja walisema kwamba kadiri alivyoumia zaidi, ndivyo isivyowezekana kabisa kumdanganyia rafiki. Upande wa pili walisema kwamba kadiri alivyoumia zaidi, ndivyo rafiki alivyo matatani zaidi, na ndivyo anavyonihitaji zaidi.

Kuna wanaosoma habari hizo wakahitimisha kwamba watu wa nchi fulani ni wakweli na wa nchi nyingine ni waongo. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Mahali ambapo mahakama husikiliza kesi kwa wakati, polisi huja na kipimo badala ya kuja na mkono wazi, na bima hulipa, mtu anaweza kumwacha rafiki yake mikononi mwa sheria akalala usingizi. Mahali ambapo hayo hayapo, rafiki ndiye mahakama, ndiye bima na ndiye hospitali, na kumwacha ni kumtupa. Ndiyo maana kuwahubiria wale vijana peke yake hakutafika mbali. Kilichopata kusaidia, pale nilipokiona, ni steji kuwa na kanuni yake kwamba mwanachama aliyesababisha ajali kwa kwenda upande usio wake hatachangiwa gharama za aliyemgonga, na mwenyekiti kuwa na moyo wa kuisimamia kanuni hiyo. Kanuni ya namna hiyo huwapa wenzake sababu ya kutaka kujua kilichotokea, kwa kuwa sasa ukweli una bei kwao pia.

Kwa upande wako, mara nyingine usibishane ukiwa umezungukwa. Piga picha magari yalivyosimama kabla hayajasogezwa, namba za usajili zionekane, kisha uombe jambo lenu likamalizwe kituoni. Ukikumbuka rangi ya vizibao vyao, au mahali wanapoegesha, nenda siku ya pili ukamtafute mwenyekiti wao akiwa peke yake. Mtu akiwa peke yake huwa na masikio mawili.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Langu ni dogo, labda utacheka. Shemeji yangu ni mzee wa kanisa hapa Dodoma, mtu mkweli ambaye hata chenji ikizidi shilingi mia huirudisha dukani. Lakini ikifika siku ya Simba na Yanga, huona penalti upande mmoja tu, na marudio ya televisheni yakionyesha vingine husema kamera imewekwa vibaya. Je, huwa anadanganya makusudi?

Jibu: Marahaba, na nimecheka kweli. Hapana, hadanganyi, na hilo ndilo linalotisha kidogo. Mnamo tarehe 23 Novemba 1951, vyuo viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza mechi ya mpira wao wa Kimarekani iliyojaa rafu; nyota wa Princeton alivunjika pua, na mchezaji mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Watafiti wawili, Albert Hastorf wa Dartmouth na Hadley Cantril wa Princeton, waliwakalisha wanafunzi wa vyuo vyote viwili mbele ya filamu ileile ya mechi, wakawapa karatasi wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliwahesabia wachezaji wa Dartmouth wastani wa makosa 9.8, wanafunzi wa Dartmouth, wakiitazama filamu hiyohiyo, waliwahesabia wenzao 4.3. Hapakuwa na kamera iliyowekwa vibaya, wala hakuna aliyekuwa na faida ya kusema uongo kwenye karatasi. Kila upande uliandika ulichokiona. Watafiti hao walipoichapisha kazi yao mwaka 1954, walifikia kusema kwamba si kweli kuwa watu waliuona mchezo mmoja wakatofautiana maoni. Kwa kila upande ulikuwa mchezo wake.

Kwa hiyo shemeji yako anarudisha chenji kwa sababu sarafu haina jezi. Jicho lake ni zima, ila siku ile hulikabidhi kwa timu kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Ukitaka kumpima bila ugomvi, mwonyeshe tukio la ligi ya nchi ya mbali, timu asizozijua, kisha umwombe ahukumu. Utastaajabu jinsi atakavyokuwa mwamuzi mzuri. Baada ya hapo mwonyeshe tukio la watani wake, usiseme neno, umtazame usoni.

Mimi jaribio hilo nilifanyiwa na mjukuu wangu mwaka uliopita. Tukio la nchi ya mbali nililihukumu vizuri, akanipongeza. Lile la pili tulilirudia mara sita kwenye simu yake, akalipunguza mwendo mpaka mpira ukawa unatambaa kama konokono, na mjukuu wangu, ambaye ni wa upande wa pili, akanionyesha kwa kidole mahali mguu wa beki wao ulipogusa mpira kwanza kabla ya mtu. Nimeuona mguu. Nimeuona mpira. Na ninyi wasomaji wangu mnajua kwamba simdanganyi mtu katika safu hii: bado nasema ile ilikuwa penalti.